Maswali ya Wasomaji: Mbona Kanga Nyekundu Imetoka Nyeusi?

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji. Mwezi uliopita niliandika mistari miwili mitatu tu kuwa ile picha ya shangazi yangu anasuka ukili, mliyoiona ukurasa wa nyuma, sikuipiga kwa filamu ya kamera. Nimeipiga kwa filamu ya eksirei, ile ile ya kupigia vifua na mifupa spitali, nikaitia kwenye kamera kubwa ya shiti moja moja, nikaipimia mwanga kwa ASA 80 (ASA ni namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga, ikishuka filamu inataka mwanga zaidi), alafu nikaisafisha mwenyewe usiku nyumbani kwa kahawa. Nikadhani watu watapita tu. Kumbe! Meseji zimekuja Wete, Mkoani, Bububu, Makunduchi, mpaka Tanga zimefika, basi ukurasa wote wa leo ni wa jambo hili moja. Ile negetivu yenyewe ina sentimita 18 kwa 24, ukiiegesha dirishani unazihesabu chane za miyaa moja moja, na unaona kabisa kidole gumba cha shangazi kilivyokunjika pale alipokuwa anabana. Hicho ndo kilichonifanya niipende filamu hii, na nataka na nyie muipate.

Fundi, shikamoo. Sielewi kitu kimoja. Filamu ya eksirei si inataka mionzi? Sasa kwenye kamera ya kawaida inapataje picha? — Mpenda picha, Wete

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na ukilielewa hili mengine yote yatakuja yenyewe. Tangu Röntgen alipoigundua mionzi tarehe 8 Novemba 1895 watu waliona upesi kuwa filamu peke yake inainasa kwa shida, mionzi mingi inapita tu. Ndo pale spitali filamu inawekwa ndani ya kasha lenye vitambaa viwili vigumu, kimoja juu kimoja chini, na vitambaa vile vikipigwa na mionzi vinawaka mwanga. Mwanga ule ndo unaoichoma filamu. Kwa hiyo filamu hii kwa asili yake ni filamu ya mwanga, na mwanga wenyewe ni wa rangi ya kitambaa: vile vya zamani vinatoa buluu, vya baadae vinatoa kijani. Ndo maana madukani kuna filamu za aina mbili, ya buluu na ya kijani. Ukipata ya kijani chukua hiyo, inaona zaidi.

Na kwa sababu vitambaa viko pande mbili, filamu nayo imepakwa dawa, ule utando unaonasa mwanga, pande mbili. Hii ina faida na hasara. Faida ni kuwa mgonjwa anapata mionzi michache, na wewe kwenye giza huna haja ya kupapasa upande upi wa dawa, weka vyovyote. Hasara ni mikwaruzo, nitakuja huko chini. Hasara nyengine, haina ule utando wa nyuma unaozuia mwanga kurudi, basi taa kali au dirisha lenye jua linatoa kama duara la ukungu pembeni yake. Mie naona linapendeza kwenye baadhi ya picha, lakini usimpige mtu kaegemea dirisha ukategemea mambo yatakuwa safi.

Shiti ya 18 kwa 24 ukiikata mara mbili, huku na huku, unapata vipande vinne vya sentimita 9 kwa 12, na holda, yale makasha ya kuingizia filamu kwenye kamera, za 9 kwa 12 za zamani zipo. Hupotezi hata milimita.

Nimeuziwa boksi zima, limeandikwa filamu ya picha za hospitali. Nimepiga shiti tano, nimezisafisha kwa dawa nzuri, hakuna kitu. Plain kabisa. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Tunguu

Pole sana mwanangu, na hukukosea kwenye kusafisha. Umeuziwa filamu kavu. Siku hizi mashine nyingi za spitali ni za kidijitali na filamu yao inachapwa kwa moto ndani ya printa, haihitaji dawa wala chumba cha giza. Nyengine unaweza kuifungua mchana kweupe, kama Drystar ya Agfa, inangoja joto tu. Nyengine inasubiri leza ya infraredi. Zote hizo kwenye kamera yetu hazifai kabisa.

Kabla hujatoa pesa soma boksi. Ukiona neno la filamu kavu, au la leza, au maelezo kuwa ni ya printa, muachie mwenyewe. Unataka ile iliyoandikwa kuwa ni ya kutumika na vitambaa vya kijani au vya buluu, na iliyoandikwa ifunguliwe kwenye giza chini ya taa nyekundu. Muuzaji akikufungulia boksi mbele yako dukani akuoneshe kuwa ni nzima, basi ama ni kavu ama ameshaiharibu papo hapo, kwa hivyo usinunue.

Mie ni mpiga picha wa maharusi. Nilijaribu hiyo filamu ya kijani kwa bibi harusi mmoja kwao Makunduchi. Kajifunga kanga nyekundu, imetoka nyeusi tii. Midomo nyeusi. Uso wake naye ni maji ya kunde tu lakini ametoka mweusi kuliko alivyo, mama yake hakufurahi. Filamu mbovu? — Dada wa kamera

Dada yangu, filamu nzima, ila ina macho yake. Haioni wekundu. Kwake yeye rangi nyekundu na giza ni kitu kimoja. Kanga nyekundu haikurudisha buluu wala kijani ya kutosha, basi pale kwenye negetivu pamebaki patupu, na patupu kwenye negetivu ni weusi kwenye picha. Midomo hivyo hivyo. Ngozi zetu zina wekundu na umanjano mwingi ndani yake, basi inazididimiza. Buluu kwa upande wake inaiona sana, ndo mana mbingu inatoka nyeupe kama shuka.

Hili si jambo geni hapa mjini. Vioo vya mwanzo walivyopigia mafundi wa karne ya 19 vilikuwa vinaona buluu tu, na mpaka Vogel kule Ujerumani alipogundua mwaka 1873 kuwa ukichanganya rangi fulani kwenye dawa unaweza kuifundisha ione kijani, hakukuwa na njia. Mafundi kama Gomes na Coutinho waliokuwa na studio zao hapa Unguja walizaliwa kwenye kazi hiyo ya vioo. Tazama picha kongwe za Mji Mkongwe za zama zile, mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja, bahari nyeupe, milango myeusi. Mie nikiiangalia filamu ya eksirei naona nimepewa jicho lile lile la kale, na kwa bei ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo usiilazimishe ione kama simu yako. Jifunze inaona nini.

Sasa fanya hivi. Mtu mpige kwenye kivuli cha wazi, barazani au chini ya muembe ambako mbingu inamulika lakini jua halimpigi. Mwanga wa kivulini una buluu nyingi, filamu inaupenda. Mpe mwanga mara mbili ya inavyosema mita, kile kifaa cha kupimia mwanga, yaani ikikwambia sekunde nusu wewe mpe sekunde moja, alafu punguza muda wa kusafisha ili nyeupe zisiungue. Uso utanyanyuka. Na mwambie bibi harusi avae kanga ya buluu, au ya kijani, au ya manjano kama unatumia filamu ya kijani, maandishi ya kanga yatasomeka mpaka nukta. Nyekundu na nyeusi pamoja, kama kisutu, itakuwa tope moja. Kama mama mtu anakitaka kisutu lazima, mweleze kabla, umuoneshe mfano, asije akaona umemharibia mwanawe.

Na ukiwa na kioo cha manjano cha kuweka mbele ya lenzi kitasaidia kuishusha mbingu kidogo kwa filamu ya kijani. Cha wekundu usithubutu, hutopata kitu.

Mzee wangu, nilikwenda Forodhani saa kumi na mbili jioni, jua linazama, dhahabu tupu, vijana wanaruka baharini. Nimefuata mita kama ulivyosema ASA 80. Negetivu zote zimetoka kama kioo. — Kijana wa Bububu

Jibu liko hapo juu lakini nilirudie kwa sababu kila mtu anaanguka hapa. Ile dhahabu unayoiona ni wekundu na manjano, buluu imeshabaki kidogo sana. Jicho lako na mita yako vinaona mwanga upo, filamu haiuoni. ASA 80 ni ya mchana na kivulini, nayo ni pa kuanzia tu, maboksi hayafanani. Jioni ile shuka ASA 25, au chini zaidi, na kama unatumia filamu ya buluu shuka tena. Taa za balbu za wauza pweza usiku ni ngumu kuliko hapo. Nenda asubuhi saa mbili saa tatu, au mchana wenye mawingu, vijana wanaruka hata muda huo.

Fundi, Pemba kwetu dawa za picha hakuna tena, na kuagiza ghali. Umesema umesafisha kwa kahawa. Ni kweli au? Naomba vipimo kamili. — Mwalimu wa skuli, Mkoani

Kweli tupu mwalimu. Mwaka 1995 mwalimu mwenzako Scott Williams na wanafunzi wake kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, ndo walioonesha kuwa kahawa ya unga ikitiwa magadi ya kufulia inasafisha picha. Watu wakaja kuongeza vitamini C ikawa na nguvu. Kahawa ya bei rahisi ndo nzuri zaidi, na sisi bahati yetu robusta ya Kagera imejaa madukani, mkebe wa Africafe unatosha. Ya kusaga ya kwenye mabuli ya barazani haifai, lazima iwe ile ya kuyeyuka.

Kwa lita moja ya maji: magadi ya kufulia gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa gramu 40. Tia magadi kwanza mpaka yayeyuke, alafu vitamini C, itatoa povu kidogo, kahawa mwisho. Koroga, acha dakika tano povu litulie. Ikikaa saa moja mbili inakufa, basi changanya ukishakuwa tayari.

Tatizo la wengi ni hayo magadi. Yale ya kupikia maharage, ya mawe mawe, ni mchanganyiko, nguvu yake ndogo. Wewe nunua bikabonati ya kupikia keki, angalia isiwe bekingi pauda manake ile ina wanga na tindikali ndani. Pima gramu 100, itandaze kwenye sufuria kavu ya stili, iweke motoni mdogo huku unageuza geuza, utaona inachemka chemka kama maji na ilhali ni unga, hiyo ni hewa na mvuke vinatoka. Ipime tena. Ikishafika gramu 63 na haishuki zaidi, imeshageuka yote kuwa magadi ya kufulia. Mwalimu, hili wafanyie na wanafunzi wako wa kemia, mizani tu inawaonesha kila kitu. Lakini dawa ukishaichanganya usiiweke kwenye sufuria ya alminiamu, inaila.

Muda sasa. Vitabu vinasema dakika 15 kwa nyuzi 20. Nani Pemba ana maji ya nyuzi 20? Wakati wa kaskazi tangi likiwa juu ya paa maji yanatoka kama ya kuogea mzazi. Mie nasafisha kwenye nyuzi 26, dakika saba tu basi, na filamu ya eksirei inakwenda haraka kuliko filamu ya kawaida. Natafuta chupa ya maji yaliyoganda, naiweka kwenye beseni kubwa, alafu sahani za dawa zinakaa ndani ya beseni hilo. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Na muhimu kuliko ubaridi ni usawa: dawa, maji ya kati ya kuondoa dawa, fiksa (dawa ya pili, inayoikaza picha isifutike), maji ya kusuuzia, vyote viwe joto moja. Ukiitoa filamu kwenye vuguvugu ukaitumbukiza kwenye baridi ule utando wake unajikunja na kupasuka kama tope la shamba lililokauka. Nimeliona hilo kwenye shiti yangu ya kwanza ya msikiti, nilipiga alfajiri kwa tabu, ikatoka yote mistari mistari, na picha ile sikuipata tena kwa sababu ukuta ule ulishapakwa rangi.

Mafundi wa vioo wa nchi za joto walikuwa wanatumia shabu. Ndio, shabu hii hii ya kunyolea. Inakaza utando usilegee. Ukisafisha kipindi cha joto kali, baada ya maji ya kati ipitishe filamu kwenye maji yaliyoyeyushwa shabu dakika chache kabla ya fiksa. Siki usitumie baada ya dawa ya kahawa, magadi na tindikali vikikutana ndani ya utando vinatoa vipovu vinauchomoa, maji matupu yanatosha.

Na uzuri mkubwa, ambao filamu ya kisasa haikupi: kwa vile haioni wekundu, unawasha taa nyekundu na unaiangalia picha ikija. Mie natumia taa ya nyuma ya baskeli, ya betri, umeme ukikatika kazi haisimami. Naining'iniza mita moja na nusu mbali. Kwanza ijaribu: kata kipande cha filamu, weka juu yake sarafu, kiache chini ya taa hiyo dakika tano, kisafishe. Ukiona alama ya duara la sarafu taa yako haifai, iondoe mbali zaidi au ifunike.

Fiksa hiyo haina mbadala wa jikoni, itabidi ununue. Ni chumvi ile ile ambayo Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, aliichunguza mwaka 1819, kabla hata picha hazijakuwepo, akaona inayeyusha chumvi za madini ya fedha, na miaka ishirini baadae ndo ikaja kuwaokoa waanzilishi wa picha akina Talbot na Daguerre ambao picha zao zilikuwa zinafutika. Iache filamu ndani mpaka ule weupe wa maziwa uondoke, tazama saa, alafu iache muda kama huo tena.

Picha zangu zote zina mikwaruzo kama paka kapita. Nafanya taratibu lakini wapi. — Msomaji, Jang'ombe

Huu ndo ugonjwa wa filamu hii kuliko yote. Dawa pande mbili maana yake upande wa chini unasugua kwenye sahani kila ukitikisa, na utando ukiloa unakuwa laini kama ute wa yai. Weka kipande cha kioo kisafi chini ya sahani, au tumia bakuli la kioo la kuokea lenye chini bapa pasi mifereji. Shiti moja kwa wakati, usirundike. Tikisa sahani kwa kuinua pembe, usiiguse filamu. Kucha kata. Pete vua, mie pete yangu ya fedha ilipitisha mstari kwenye shavu la shangazi katika shiti ya kwanza, ile mliyoiona ni ya pili, nilimuomba akae tena na akakubali.

Ukitaka kuondokana nalo kabisa kuna njia ya jiki. Ukishamaliza kila kitu na filamu imekauka, ibandike juu ya kioo kwa gundi ya utepe pande zote nne vizuri isipenye maji, alafu ule upande wa juu wenye mikwaruzo upake jiki kwa brashi. Utando utalegea, utateleza, unaufuta na maji. Unabaki na upande mmoja safi, na picha inakuwa kali zaidi kwa sababu picha mbili hazipandani tena. Inakuwa nyepesi lakini, basi kama una mpango huo iachie ikae kwenye dawa muda zaidi tangu mwanzo. Dirisha wazi wakati wa jiki, na hakikisha hakuna fiksa wala siki karibu.

Mwanangu ananunua makaratasi ya eksirei anayaweka chumbani chini ya kitanda. Haya si yana mionzi? Na hizo dawa anamwaga uani. Nna wajukuu wadogo. — Mama, Kiembesamaki

Shikamoo mama. Makaratasi hayana mionzi hata chembe, mionzi inatoka kwenye mashine ikiwashwa tu, ikizimwa imekwisha. Kwa hilo lala salama. Ila chini ya kitanda si mahali pake, masika yakija yatapata ukungu, mwambie ayaweke kwenye friji ndani ya mkebe uliozibwa, na akiutoa asubiri upoteze baridi kabla ya kufungua.

La kumwaga uani ndo umesema neno mama, na nataka vijana wote wasome. Dawa ya kahawa ikishatumika haina neno kubwa. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, fedha yenyewe hasa iliyotoka kwenye filamu. Unguja yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu matundu, na maji tunayoyanywa tunayavuta humo humo chini. Ukimwaga uani hujatupa, umechafua kisima. Mwambie mwenyewe akusanye kwenye dumu lililoandikwa, lisilofanana na la juisi, mbali na wajukuu. Akitia ndani yake zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, fedha inakimbilia kwenye chuma na inashuka chini kama tope jeusi, na watu wa eksirei spitali wana kawaida ya kuikusanya fiksa yao iende kwa wanaotoa fedha, awaulize nao.

Na avae glavu, hasa akitumia dawa ya dukani badala ya kahawa.

Nimetengeneza kamera ya plaiwudi na lenzi ya kioo cha kukuzia maandishi. Kwenye kioo cha ukungu cha kulengea nyuma ya kamera picha kali kabisa, kwenye negetivu imefifia. Kila mara. — Kijana fundi seremala, Chake Chake

Hongera sana mwanangu, umejitahidi. Huna kosa, lenzi ya kioo kimoja haikusanyi rangi zote mahali pamoja, buluu inakusanyika karibu na lenzi kuliko manjano. Jicho lako linapanga kwa manjano, filamu inapiga kwa buluu. Weka karatasi ya plastiki ya buluu mbele ya lenzi unapolenga, panga ukali kwa buluu hiyo, alafu itoe upige. Na tia kadi yenye tundu dogo mbele ya lenzi, ukali utaongezeka.

Ukichoka na lenzi jaribu tundu la sindano tupu. Umbali wa sentimita 15 toka tundu hadi filamu, tundu la nusu milimita, hiyo ni kama f/300, yaani umbali ni mara 300 ya upana wa tundu. Jua la saa nne ASA 50 ni sekunde saba kwa hesabu, mie naanza na kumi na tano kwa sababu filamu ikingoja muda mrefu inazubaa.

Maji ya kisima chetu ya chumvi chumvi, yanafaa kusuuzia? — Jambiani

Yanafaa mwanzo. Hata maji ya bahari yenyewe yanatoa fiksa kwenye filamu haraka kuliko maji matamu. Lakini usimalizie nayo, chumvi ikibaki itaharibu. Dakika kumi ya chumvi, alafu maji matamu mara tatu nne, na ya mwisho iwe maji ya mvua uliyokinga, na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Maji yetu ya bomba yana chokaa, yanaacha madoa meupe yakikauka. Ning'iniza kwa kibanio cha nguo pembe moja, ndani, feni imezimwa.

Nyumbani kuna eksirei za zamani za marehemu baba, naweza kuzitumia? — Bila jina

Hapana dada au kaka, zimeshapigwa na kusafishwa, mwanga hazipokei tena. Ziwekeni tu. Na mtoto asitazamie jua kupatwa kwa kupitia hizo, macho yataungua bila yeye kusikia maumivu.

Nimepata negetivu nzuri mbili. Nizitoe wapi picha, studio zote ni za kompyuta? — Mpenda picha, Wete (tena)

Umerudi, safi sana. Kwa haraka, fungua kurasa nyeupe kwenye tableti, weka juu yake kioo kilichonyanyuliwa kidogo, negetivu juu ya kioo, piga kwa simu kisha geuza rangi. Lakini negetivu ya 18 kwa 24 inastahili zaidi ya hapo. Haihitaji mashine ya kukuzia, inalala yenyewe juu ya karatasi. Tafuta ile njia ya buluu ya Herschel ya mwaka 1842: chumvi mbili za chuma, unazichanganya, unapaka kwenye karatasi nzito ya kuchorea, unaikausha gizani. Weka negetivu juu, kioo juu yake, toa juani. Negetivu za eksirei ni kali, nyeusi na nyeupe zimeachana, na njia hii inazitaka hivyo hivyo. Anza na dakika kumi jua la saa sita, chungulia pembe moja, karatasi ikishageuka kijivu cha chuma itoe, isuuze kwa maji matupu mpaka umanjano uishe. Buluu itazidi kukolea ikikauka, kesho yake ndo utaiona ilivyo hasa. Nitumie moja kwa anuani ya jarida, nitaiweka ukurasa wa nyuma.